Sura ya Tano: Twiga Hawa Wana Umri Gani?

Kati ya Mei 2010 na Januari 2011, mtafiti Zoe Muller aliwatambua twiga 77, mmoja mmoja, katika hifadhi ya Soysambu kando ya Ziwa Elementaita. Hakuwafunga mikanda shingoni wala kuwatoboa masikio. Alisoma madoa yao. Hakuna twiga wawili wenye madoa ya namna moja, na umbo la madoa hayo halibadiliki tangu ndama anapozaliwa hadi anapokufa mzee. Mwaka uliofuata, kati ya Mei 2011 na Januari 2012, aliifanya kazi hiyohiyo upande wa magharibi, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, akapata twiga 89. Pande zote mbili ni twiga wa Rothschild, wale ambao miguu yao haina madoa kuanzia magotini kwenda chini, na wakati huo hayo ndiyo yaliyokuwa makundi mawili makubwa kuliko yote ya twiga hao nchini Kenya.

Ukiishia kwenye jumla, Nakuru inaongoza kwa twiga 12. Muller hakuishia hapo. Aliwapanga kwa rika. Soysambu, asilimia 34 walikuwa ndama na asilimia 29 vijana ambao hawajakomaa. Nakuru, ndama walikuwa asilimia 5 na vijana asilimia 15. Tukizirudisha asilimia hizo kwenye vichwa, Soysambu ilikuwa na ndama wapatao 26. Nakuru, yenye twiga wengi zaidi, ilikuwa na ndama wanne au watano tu.

Kundi la Soysambu lilikuwa na kizazi kinachokuja nyuma yake. La Nakuru lilikuwa la wakubwa kwa sehemu kubwa sana. Twiga mkubwa huweza kuishi miaka 20 na zaidi, kwa hiyo kundi la namna hiyo huweza kuwapendeza watalii kwa miaka mingi, huku anayekufa akikosa wa kushika nafasi yake. Jumla ya vichwa hutueleza wanyama wangapi wapo leo. Umri wao hutueleza wangapi watakuwapo watoto wetu watakapokuwa wakubwa, na ndiyo maana naamini kwamba namba ya kwanza bila ya pili ni taarifa nusu.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua twiga 89, wote wakubwa. Tuseme kila mwaka 95 katika kila 100 wanauona mwaka unaofuata, na hakuna ndama hata mmoja anayefikia utu uzima. Baada ya miaka 3 watabaki 76. Baada ya miaka 10 watabaki 53. Ile tofauti ya miaka 3 ya kwanza, kutoka 89 hadi 76, huweza kufichwa na vichaka vya leleshwa na migunga peke yake: siku ya kuhesabu, twiga 13 wakiwa bondeni, hakuna atakayeshtuka. Sasa badilisha namba moja tu. Badala ya 95, wawe 90 wanaovuka mwaka. Baada ya miaka 10 hawabaki 53, wanabaki 31. Na muda ambao twiga mkubwa anatarajiwa kuendelea kuishi unashuka kutoka miaka 20 hivi hadi 10, kwa sababu kanuni yenyewe ni nyepesi: gawa moja kwa sehemu inayokufa kila mwaka. Mizoga mitano ya ziada katika kila twiga 100, kila mwaka, hupunguza nusu ya maisha yaliyobaki. Macho ya mtu, hata ya askari wa wanyamapori mwenye uzoefu wa miaka mingi, hayawezi kutofautisha 95 na 90. Hesabu inaweza, ikiwa tu imelishwa kumbukumbu nzuri.

Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mnyama wa porini hana cheti cha kuzaliwa.

Njia mojawapo ya kale ni meno. Mwaka 1966 Richard Laws, aliyekuwa akifanya kazi na tembo wa Uganda, alichapisha utaratibu wa kukadiria umri wa tembo kwa magego yake. Tembo hupata magego sita katika kila upande wa taya, moja likija nyuma ya jingine, linalosagika likisukumwa mbele na linalofuata. La sita likiisha, akiwa na umri wa miaka 60 hivi, hana tena cha kusagia nyasi na magome. Hukohuko Uganda, C. A. Spinage aliwachunguza kuro, na mwaka 1972 akatoa majedwali ya uhai ya wanyama kadhaa wa Afrika wenye kwato. Jedwali la uhai ni kitu rahisi kukieleza. Unaanza na watoto 1,000 waliozaliwa, unaandika wangapi walifikisha mwaka mmoja, wangapi miwili, wangapi mitatu, hadi wa mwisho. Wanahisabati wa bima walikuwa wakifanya hivyo kwa binadamu muda mrefu kabla ya mtu kufikiria kuro.

Lakini majedwali ya mafuvu yana mtego. Mwaka 1947 Edward Deevey wa Marekani alitumia mafuvu 608 ya kondoo wa porini yaliyookotwa Alaska, akatengeneza jedwali lililosifiwa na kunakiliwa vitabuni kwa miaka. Baadaye, mwaka 1966, Graeme Caughley akakumbusha sharti ambalo watu walikuwa wakilipita haraka: ukisoma umri wa waliokufa na kuufanya jedwali la uhai, umeshakubali kimyakimya kwamba kundi halikui wala halipungui, na kwamba kila mzoga una nafasi sawa ya kuonekana. Kundi linalokua lina watoto wengi, basi hata mizoga ya watoto itakuwa mingi, na utadhani wanakufa kupita kiasi. Sharti la pili ni gumu zaidi katika Bonde letu la Ufa. Fuvu la nyati dume hudumu juani kwa miaka. Mifupa laini ya ndama wa siku chache huliwa na fisi na mbweha usiku uleule. Mtu akipita asubuhi ataandika kwamba hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo, anayetaka kujua umri kwa uhakika hana budi kuanza na walio hai, awajue kwa sura, awaandike siku wanapozaliwa, na asiache kuandika. Eneo hili lina mfano wake. Mwaka 1970 Robert Harding alianza kufuatilia nyani wa Kekopey, shamba la mifugo karibu na Gilgil. Mwaka 1972 Shirley Strum akafika, akiwa bado mwanafunzi, na hakuondoka kwenye kazi hiyo. Kila nyani alipewa jina. Kila mtoto aliandikwa alipozaliwa na mama yake ni nani. Mwaka 1982 Strum na David Western, ambaye baadaye aliongoza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), walichapisha uchunguzi wao kuhusu uzazi wa nyani jike na jinsi unavyobadilika kwa umri na kwa hali ya mazingira. Fikiria kilichohitajika ili kuandika sentensi moja tu ya uchunguzi huo: kujua kwamba jike huyu, na si yule aliyekaa karibu naye, ndiye aliyezaa, na kujua ana miaka mingapi.

Kisha shamba likauzwa na kugawanywa. Wakulima wakaja, wakapanda mahindi, na nyani wakafanya ambalo nyani yeyote angefanya. Mwaka 1984 Strum aliyahamisha makundi matatu hadi Laikipia, na uandishi wa kumbukumbu ukaendelea huko. Watu wengi hukumbuka habari hiyo kwa sababu ya uhamisho wenyewe, uliokuwa wa ujasiri. Mimi naiona kubwa kwa sababu nyingine: jike aliyezaliwa Kekopey aliweza kufia Laikipia akiwa bado kwenye daftari lilelile.

Nyani wa Gilgil hutufundisha pia tatizo ambalo hesabu za umri hupambana nalo hadi leo. Kwa nyani hawa, majike hubaki katika kundi walimozaliwa, lakini dume akikomaa huondoka kwenda kutafuta kundi jingine. Asubuhi moja hayupo. Amekufa? Amehama? Daftari linaweza kuandika jambo moja tu la kweli: hakuonekana tena. Ukimhesabu kuwa amekufa, umewafanya madume wawe na maisha mafupi kuliko yalivyo. Ukimfuta kabisa, umepoteza miaka yote ambayo ulijua kwa hakika kwamba alikuwa hai. Na ukichagua kuwahesabu wale tu ambao mizoga yao ilipatikana, utakosea vibaya zaidi, kwa sababu wanyama wanaoishi muda mrefu ndio walio hai bado siku unapokaa kuandika ripoti. Utakuwa umepima umri wa kuishi kwa kuwauliza waliokufa mapema.

Dawa yake ni kumwacha kila mnyama achangie kile kinachojulikana juu yake, si zaidi. Nyani aliyeonekana hai kuanzia miaka 3 hadi 9 anashuhudia kwamba umri wa 3, wa 4, wa 5 na kuendelea hadi 9 unavukika. Baada ya hapo ananyamaza, na hesabu inanyamaza pamoja naye. Aliyekuwa mkubwa tayari siku utafiti ulipoanza anapewa umri wa kukadiriwa pamoja na kiasi cha shaka kinachoambatana nao. Mwaka 2012 Fernando Colchero na wenzake walitoa programu ya kompyuta iitwayo BaSTA iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa: kumbukumbu zenye mapengo, tarehe za kuzaliwa zisizojulikana, vifo visivyoshuhudiwa. Inajaribu thamani nyingi za namba zisizojulikana, inabakiza zile zinazokubaliana na yaliyoonekana porini, na mwisho inatoa jibu pamoja na upana wa shaka yake.

Jibu lenyewe huwa ni mchoro wa hatari ya kufa kwa kila umri. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, mtaalamu wa hesabu za bima jijini London, alionyesha kwamba kwa mtu mzima hatari hiyo haipandi kwa kujumlishwa bali kwa kuzidishwa. Kwa binadamu huwa maradufu kila miaka 8 hivi. Ila kanuni yake huanzia utu uzimani na haiwajui watoto. Mwaka 1979 William Siler aliikamilisha kwa ajili ya wanyama kwa kujumlisha hatari tatu. Ya kwanza huanza juu sana siku ya kuzaliwa na kushuka haraka: njaa, baridi, simba, mama asiye na maziwa. Ya pili haijali umri: radi, mafuriko, gari barabarani, mtego wa waya. Ya tatu huanza chini kabisa na kupanda bila kurudi, nayo ndiyo uzee. Namba tano tu zinatosha kuuchora mstari wote, unaoshuka, ukatulia, kisha ukapanda. Naipenda kanuni hii kwa sababu inatulazimisha tuulize swali lililo wazi: mnyama huyu alikufa kwa hatari ipi kati ya hizo tatu?

Jibu lililopatikana kwa nyani, sokwe na binadamu ni la kushangaza. Mwaka 2021 kikundi kikubwa cha watafiti, Colchero akiwa miongoni mwao, kililinganisha kumbukumbu za jamii nyingi za nyani na sokwe pamoja na za binadamu. Waliona kwamba ndani ya jamii moja, wastani wa maisha hubadilika hasa kwa sababu ya ile hatari ya utotoni na ile isiyojali umri. Kasi ya kuzeeka yenyewe hubadilika kidogo mno. Miongoni mwa kumbukumbu zilizotumika zilikuwa za nyani wa Amboseli, ambao Jeanne Altmann na Stuart Altmann walianza kuwafuatilia mfululizo mwaka 1971. Kutoka Amboseli hiyohiyo, mwaka 2016, Jenny Tung na wenzake walionyesha kwa majike 196 kwamba waliopata misukosuko mitatu au zaidi utotoni, kama ukame, kufiwa na mama au kuzaliwa na mama wa cheo cha chini, walikufa takriban miaka 10 mapema kuliko waliopata mmoja au hawakupata kabisa. Miaka 10 kwa nyani ni sehemu kubwa ya maisha yote. Na hakuna anayeweza kuliona jambo hilo bila daftari lililoandikwa siku za utoto na kusomwa siku ya kifo.

Turudi Nakuru tukiwa na kanuni ya Siler mkononi. Twiga waliletwa mbugani mwaka 1977. Mwanzoni waliongezeka vizuri. Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, idadi yao ikaporomoka, na watafiti waliochunguza anguko hilo wakaelekeza macho kwenye migunga iliyoliwa kupita kiasi ndani ya ua na kwenye ndama waliokuwa wakiuawa na simba. Muller alipofika, mbuga ilikuwa na simba wapatao 30 kwa kila kilomita 100 za mraba. Soysambu wakati huo haikuwa na simba hata mmoja. Ni hatari ya kwanza ya Siler, ile ya utotoni, iliyotofautiana kati ya majirani hawa wawili, au ndivyo takwimu zinavyoelekea kusema.

Nasema zinaelekea, na Muller mwenyewe alitumia lugha ya tahadhari, kwa sababu picha ya mara moja ya marika haiwezi peke yake kutenganisha mambo mawili. Ndama wachache huweza kumaanisha kwamba wanazaliwa na kuliwa. Huweza pia kumaanisha kwamba hawazaliwi, kwa kuwa mama zao hawali vya kutosha. Namba moja haiwezi kufichua visivyojulikana viwili. Simba ukiwapunguza na kumbe tatizo lilikuwa chakula, umewadhuru simba bure na twiga hawajapona. Kinachotenganisha hayo mawili ni kumfuata jike mmoja mmoja kwa madoa yake: alionekana na mimba, alionekana na ndama, ndama alionekana mara ya mwisho lini. Mimba ya twiga huchukua takriban miezi 15, kwa hiyo hata jike mmoja huhitaji miaka kabla hajatueleza lolote.

Mtu akishapata viwango hivyo, anaweza kutabiri. P. H. Leslie wa Oxford alionyesha njia mwaka 1945. Unaweka idadi ya majike wa kila rika katika safu moja, na pembeni unaweka jedwali la namba, yaani matriksi: juu kabisa ni watoto wa kike ambao kila rika huzaa kwa mwaka, chini yake ni sehemu ya kila rika inayovuka kwenda rika linalofuata. Ni kama shule inayopandisha madarasa kila Januari, na wengine wakiacha njiani. Zidisha mara moja, umepata mwaka ujao. Zidisha mara 20, umepata miaka 20. Na kwa wanyama wanaoishi muda mrefu, matriksi hiyo hutoa fundisho lilelile karibu kila mara: namba ambayo ukiigusa kidogo inayumbisha kundi lote ni uhai wa majike wakubwa. Uhai wa ndama hupanda na kushuka sana kutoka mwaka hadi mwaka, na kundi huweza kuvumilia msimu mmoja mbaya, hata miwili. Halivumilii kupoteza mama wachache kila mwaka, wala kukosa ndama miaka kumi mfululizo.

Ndiyo sababu vifo vya faru weusi vya mwaka 2018 viliuma kuliko idadi yake ilivyoonyesha. Faru 11 walitolewa Nairobi na Nakuru, wakapelekwa Tsavo Mashariki, na wote wakafa. Mikakati ya kitaifa ya faru weusi imelenga ongezeko la angalau asilimia 5 kwa mwaka. Kwa kundi la faru 100, hao 11 ni zaidi ya ongezeko la miaka miwili. Na jike anayekaribia kuzaa mara ya kwanza ana thamani kubwa kuliko kichwa kimoja, kwa kuwa ndani ya jedwali la Leslie amebeba ndama wote ambao angezaa maishani. Faru wetu wengi wana alama za mkato masikioni na faili zao wenyewe, na naliona jambo hilo kuwa mojawapo ya kazi bora kabisa za uhifadhi nchini. Hesabu inaweza kufanywa jike kwa jike.

Kwa heroe haiwezekani hivyo. Ndege hawa wa waridi waliolifanya Ziwa Nakuru lijulikane duniani huhesabiwa kwa malaki, na maji ya ziwa yalipopanda kuanzia miaka ya 2010 wengi walihamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Wanazaliana hasa Ziwa Natron, ambako Leslie Brown aliwagundua kwenye viota mwaka 1954, na hawazaliani kila mwaka. Mwaka 1962, walipojaribu Ziwa Magadi, magadi yaliganda kwenye miguu ya makinda, na Brown na Alan Root wakiwa na wasaidizi wakaokoa maelfu na kuwavisha pete wengine. Nje ya pete hizo, umri wao huonekana kwa rangi tu, kijivu kwa mchanga na waridi kwa mkubwa. Heroe mwenye miaka 5 na mwenye miaka 25 wanasimama bega kwa bega na hakuna anayeweza kuwatofautisha. Ndege anayezaa kwa nadra hulitegemeza kundi lake kwa kuishi muda mrefu, kwa hiyo heroe wakubwa wakifa kwa wingi Nakuru au Bogoria kwa sumu au ugonjwa, hasara hiyo huenda isirudishwe na mwaka mmoja mzuri wa Natron.

Nina ombi kwa wenye mamlaka juu ya mbuga hizi, na kwa kaunti ambayo uchumi wake unazitegemea. Kila kundi dogo lililofungiwa ndani ya ua liwe na daftari la mnyama mmoja mmoja, lenye picha, tarehe ya kuzaliwa, mama, na siku ya mwisho kuonekana, na muhtasari wake utangazwe kila mwaka pamoja na jumla. Kwa twiga kamera ya kawaida inatosha, na vijana wa Nakuru na Gilgil wanaojua kuitumia hawakosekani. Kinachogharimu ni mshahara wa anayeandika, mwaka hadi mwaka, bila kukatizwa mradi unapoisha. Nawe msomaji, utakapotangaziwa tena kwamba twiga au faru wameongezeka, uliza wangapi kati yao ni ndama, na majike wazima wangapi walikufa mwaka huo.